Mbachao na Msala: Juu ya Kubadili Programu ya Kunasia Sauti

Suala tunalolileta leo mbele ya walimu wenzetu ni dogo kwa umbo, na huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa halistahili kurasa za jarida la utamaduni. Walimu wanne wana kompyuta na programu ya kunasia sauti. Programu hiyo ni ya zamani, lakini inafanya kazi. Toleo jipya lipo, nalo linapatikana bure. Je, wahamie katika toleo jipya, au wabaki na lile walilolizoea? Hapa Bujumbura suala hili limezuka baina ya walimu waliokuwa wakifanya kazi pamoja kwa amani kwa miaka kadhaa, sisi tukiwa miongoni mwao, likatugawa wawili kwa wawili. Fundi wa kompyuta alipoulizwa alijibu kuwa hilo si jambo la kujadiliwa. Ni la kubonyeza kitufe tu. Kwa heshima yote tunayompa fundi huyo, sisi tunaona kuwa jambo lenyewe ni la maadili kabla halijawa la ufundi.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe. Programu tunayoitumia ni Audacity, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni pamoja na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na hata kuibadili. Bila shaka ndiyo sababu imefika katika shule ambazo haziwezi kununua hata chaki za kutosha. Kazi yake kubwa ni kunasa sauti katika mikondo mingi, ile ambayo watu wa studio huiita traki. Katika kazi zetu mkondo wa kwanza hubeba sauti ya mzee anayesimulia, wa pili maswali ya mwalimu, wa tatu maelezo ya maneno magumu, na wa nne ngoma ya kufungulia kipindi. Kila mkondo unajitegemea. Tukitaka ngoma ishuke, tunaishusha pasipo kuigusa sauti ya mzee.

Urahisi huo haukuwapo daima. Mwaka 1967, The Beatles walipokuwa wakitengeneza santuri yao ya Sgt. Pepper's mjini London, mitambo yao ilikuwa ya mikondo minne tu. Mikondo ilipojaa, mafundi waliimimina pamoja katika mmoja ili wapate nafasi, na iliyokwisha kumiminwa haikuweza kutenganishwa tena, kama vile maziwa yaliyokwisha tiwa katika chai. Kwa mwanamuziki jambo hilo lilikuwa usumbufu wa kazi. Kwa mwalimu wa lugha ni hasara ya aina nyingine. Sisi twataka mwanafunzi amsikie mzee wa Buyenzi peke yake, jinsi anavyovuta irabu, mahali anapochanganya Kirundi bila kujitambua, mahali anaposita. Sauti ya mwalimu ikikaa juu ya sauti ya mzee, somo limepotea.

Sasa tuingie katika ugomvi wenyewe. Waliokataa toleo jipya walikuja na methali ambayo kila mwalimu wa Kiswahili anayo mdomoni: usiache mbachao kwa msala upitao. Waliolitaka walijibu kuwa wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Mazungumzo yangeweza kuishia hapo, kwani mtu akishatoa methali mara nyingi hudhani amekwisha kutoa hoja. Lakini kazi ya mwalimu ni kuifunua methali, si kujificha nyuma yake.

Mbachao ni mkeka uliochakaa. Methali haisemi kuwa mkeka huo ni mzuri, wala haisemi kuwa kilichochakaa ni bora kuliko kipya. Uzito wote umo katika neno la mwisho: upitao. Msala unaokatazwa si msala mpya. Ni msala wa mpita njia, ambaye leo ameutandika mbele yako na kesho ataukunja aende nao. Kwa hiyo methali haitufundishi kuuogopa upya. Inatufundisha kuuliza kitu kinachotuvutia ni cha nani, na kitakaa kwa muda gani. Hapo ndipo watu wengi wanaoitumia hukosea, kwa kuifanya kuwa ngao ya uvivu.

Tukilipima suala kwa kipimo hicho, twaona kuwa misala ipitayo imo kweli katika biashara hii. Programu ya Cool Edit Pro, iliyopendwa sana na watu wa redio, ilinunuliwa na kampuni ya Adobe mwaka 2003 ikaitwa Audition. Mwaka 2013 kampuni hiyo ikatangaza kuwa matoleo mapya hayatauzwa tena moja kwa moja. Mtumiaji atalipia kodi kila mwezi au kila mwaka, na akiacha kulipa chombo kinafungwa. Nao watumiaji wa programu ya SONAR waliuziwa mwaka 2016 haki ya kupata mabadiliko yote ya baadaye kwa maisha. Mnamo Novemba 2017 kampuni ya Gibson, iliyokuwa ikiimiliki, ikatangaza kuwa inasimamisha kazi ya kuiendeleza. Wanunuzi walibaki wakijiuliza yalikuwa maisha ya nani. Kweli, mwaka 2018 kampuni ya BandLab iliichukua programu hiyo na kuanza kuigawa bure. Lakini mtu aliyeokotwa njiani hawezi kusema kuwa safari yake ilipangwa vizuri.

Audacity haikufikia hali hiyo. Toleo jipya ni huria kama lile la zamani, na hakuna anayeweza kuja usiku kulikunja. Hata hivyo haifai kusema kuwa hakuna kilichobadilika. Mwaka 2021 jina lake na uongozi wake vilipita mikononi mwa kampuni ya Muse Group. Mwezi Mei mwaka huo ukatolewa mpango wa kukusanya takwimu za jinsi watu wanavyoitumia, kwa njia ya huduma za Google na Yandex. Watumiaji wakapiga kelele na mpango ukaondolewa mwezi huo huo. Julai ikatolewa taarifa ya faragha iliyosema, pamoja na mengine, kuwa wenye umri chini ya miaka 13 wasiitumie programu hii. Kelele zikazuka tena, kampuni ikaomba radhi na maneno yakarekebishwa. Sisi tuliisoma habari hiyo kwa makini kuliko watu wa studio, kwani baadhi ya wanafunzi wetu wana miaka 11. Mambo hayo yamekwisha, na si haki kuendelea kuishtaki programu kwa taarifa iliyofutwa. Lakini tangu hapo tumejifunza kuyasoma masharti yote kabla ya kumkalisha mtoto mbele ya chombo.

Hadi hapa, basi, walioshika methali ya mbachao wameshindwa nusu. Msala huu haupiti. Kwa maoni yetu tatizo kubwa liko mahali pengine, nalo halimo katika methali yoyote tuijuayo: mkeka wetu una watu wanne juu yake.

Kabla ya mwaka 2021, mtu aliyehifadhi mradi katika Audacity alipata vitu viwili: faili dogo lililoishia na herufi aup, na folda kando yake yenye vipande vingi vidogo vya sauti. Faili lilikuwa kama orodha ya yaliyomo, na folda ndiyo kitabu. Twamkumbuka mwalimu mmoja aliyetuletea flashi yenye faili bila folda. Tulipolifungua tulipata jina zuri la mradi na kimya kitupu. Machi 2021 likatoka toleo la 3.0, ambalo limeviunganisha vyote katika faili moja liishialo na aup3. Hayo ni maendeleo, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Toleo jipya laweza pia kuufungua mradi wa zamani: huunakili katika umbo jipya na kuuacha ule wa kwanza kama ulivyokuwa. Ila toleo la zamani haliwezi kabisa kuufungua mradi wa umbo jipya. Mlango unafunguka upande mmoja tu.

Mwenzetu wa nne anaishi Rumonge, kando ya ziwa, na kompyuta yake ni kuukuu. Haiwezi kulibeba toleo jipya. Yeye ndiye anayejua maneno ya wavuvi, ndiye anayesikiliza mkondo wa kwanza na kuandika maelezo ya mkondo wa tatu. Siku watatu wengine watakapohamia katika toleo jipya, hakuna kitakachoungua wala kuibiwa. Miradi ya zamani itabaki mahali pake. Lakini tangu siku hiyo kutakuwa na miradi miwili yenye jina moja, mmoja Bujumbura na mwingine Rumonge, na kila sahihisho litakaloingia katika mmoja halitaingia katika mwingine. Mwaka mmoja ukipita hakuna atakayejua upi ndio wenyewe. Naye mtu wa Rumonge atakuwa ameondolewa katika kazi pasipo mtu yeyote kumwambia ondoka.

Twaliuliza swali hili kwa uzito: mtu ana haki ya kuendelea mbele ikiwa kuendelea kwake kunamwacha mwenzake nyuma? Wapo wanaojibu haraka kuwa hana, na kuwa umoja ni kumngoja wa mwisho. Jibu hilo lina sura ya utu, lakini tukilitazama vizuri lina kasoro. Likifuatwa hadi mwisho wake, kompyuta kuukuu kuliko zote nchini ndiyo itakayotuamulia sote. Mtu wa Rumonge naye ana wajibu. Asiugeuze unyonge wa chombo chake kuwa mamlaka juu ya wenzake. Kusema haki, yeye mwenyewe hakufanya hivyo hata siku moja. Alituandikia: “Walimu wenzangu, msinifanye mimi kuwa sababu.” Waliomtumia kama sababu ni wawili wa Bujumbura ambao, kwa kweli, hawakutaka tu kujifunza vitufe vipya.

Kuna jibu la tatu, nalo twalipata katika kamusi kuliko katika kompyuta. Programu yetu inazungumza Kifaransa, kama ilivyo katika ofisi nyingi za mji huu. Katika Kifaransa neno moja, enregistrer, hutumika kwa kitufe cha kunasa sauti na kwa amri ya kuutunza mradi. Wanafunzi wetu huchanganyikiwa, na wana haki. Kiswahili kina utajiri zaidi hapa. Kunasa ni kukamata kitu kinachopita. Kuhifadhi ni kukitunza kisipotee. Aliyehifadhi Kurani anayo kifuani, na hata msahafu ukiungua yeye hapungukiwi. Sasa, anayebonyeza amri ya kutunza mradi, je, amehifadhi? Kwa maana ya Kiswahili, bado. Ameweka kitu ambacho ni programu ile tu, tena si katika kila toleo lake, inayoweza kukisoma. Ni kama kumpa mtu mmoja siri na kumwombea asife.

Kuhifadhi kwa maana kamili ni kuutoa kila mkondo peke yake katika faili la WAV, ambalo karibu programu zote za sauti zinalisoma, za zamani na za sasa, za bure na za kulipia. Kazi hiyo inachosha. Dakika moja ya mkondo mmoja wa kawaida huchukua takriban megabaiti 5, na saa moja hupita megabaiti 300; mradi wa mikondo minne wa saa moja unakaribia megabaiti 1,300. Yataka diski na yataka jioni nyingi. Lakini mikondo ikishatolewa hivyo, mtu wa Rumonge anaweza kusikiliza na kuandika kwa programu yoyote aliyonayo, na wa Bujumbura wanaweza kutumia toleo lolote wanalolipenda. Swali la kubadili au kutobadili halifutiki, lakini linapoteza ukali wake. Twadhani kuwa ugomvi mwingi kuhusu vyombo ni ugomvi wa watu ambao hawajatimiza wajibu wao kwa vitu vilivyomo ndani ya vyombo hivyo.

Tungeweza kusimama hapo lau kama toleo jipya lisingekuwa na jambo jingine, ambalo kwetu ndilo zito kupita yote.

Tangu toleo la 3.1, lililotoka Oktoba 2021, mtu anaweza kufupisha kipande cha sauti kwa kuuvuta ukingo wake. Sauti iliyofichwa haifutiki. Akiuvuta ukingo kurudi nyuma, sauti inarudi. Nalo toleo la 3.2 la Septemba 2022 limeleta njia ya kuongeza mabadiliko huku sauti ya asili ikibaki salama chini yake. Katika matoleo ya zamani mambo yalikuwa magumu zaidi: ukikata, ukahifadhi, ukaifunga programu, kilichokatwa kimekwenda. Kwa mtu anayependa lugha, hii ni rehema kubwa. Pumzi ya mzee, kikohozi chake, neno aliloanza akaliacha, vyote ambavyo kijana mwenye haraka angevikata apate kipindi safi, sasa vyaweza kubaki. Twakiri kuwa hoja hii peke yake ilitosha kutuvuta upande wa mabadiliko.

Lakini wapo wasimulizi wanaotuomba tusihifadhi. Mzee mmoja, akisimulia biashara ya majahazi ziwani, aliteleza akaingia katika habari za mirathi na ugomvi wa ndugu wawili. Aliponyamaza alisema, “Hayo yatoe, mwalimu. Watoto wangu wasije wakayasikia.” Akajibiwa, “Tutayatoa, mzee wetu.” Katika toleo la zamani ahadi hiyo ilitimizwa kwa mkasi, maneno yalikatwa, yakaisha. Katika toleo jipya, mwalimu akiuvuta ukingo tu, anayesikiliza hatasikia kitu, naye mwalimu atadhani ametimiza ahadi. Kumbe maneno yamelala chini ya mkeka, yakimngoja mtu yeyote atakayepewa mradi huo na kuuvuta ukingo kinyume. Watunzi wa programu wenyewe wanaijua hatari hii, kwani mtu akinakili kipande kutoka mradi mmoja kwenda mwingine huulizwa kama anataka kukipeleka kizima pamoja na kilichofichwa au sehemu inayosikika peke yake. Ni swali zuri. Lakini huulizwa kwa maneno ya ufundi, na mwenye haraka hubonyeza la kwanza.

Hapa twaona kuwa chombo kinachokumbuka vizuri zaidi si lazima kiwe chema zaidi. Kusahau nako ni amana. Mzee aliyetuachia saa mbili za maisha yake alitupa pia dakika tatu za kuzika, na mwenye kupokea hawezi kuchagua amana moja akaiacha nyingine. Toleo la zamani lilikuwa mwaminifu katika kusahau na mzembe katika kukumbuka. Toleo jipya limegeuza. Hakuna hata moja kati ya haya mawili ambalo limeijua ahadi tuliyompa mzee. Ahadi hiyo inajulikana na walimu wanne tu.

Kuhusu hoja kwamba kubaki na cha zamani ni usalama, hatutaichelewesha. Sote tumeona kanda za kaseti zilizoota ukungu, na nyingine nzima kabisa ambazo hazina tena mashine ya kuzichezea. Kompyuta ya Rumonge nayo ina siku zake.

Uamuzi wetu ulikuwa huu. Kompyuta moja ya Bujumbura imepewa toleo jipya. Ya pili na ile ya Rumonge zimebaki na la zamani. Mradi wowote wa pamoja hauhamishwi mpaka mikondo yake yote iwe imekwisha kutolewa katika WAV na mtu wa Rumonge awe amepokea nakala yake na kuandika kuwa ameipata. Mahali palipokuwa na ahadi ya kutoa, maneno yanakatwa kwanza kwa mkasi wa zamani, ndipo mradi unaingia katika umbo jipya. Wawili hawakufurahi sana, lakini walitia sahihi. Kazi imechukua miezi mitano mpaka sasa, nayo haijafika nusu.

Ni katika kazi hiyo ndipo ilipojitokeza kadi ya kinasa sauti yenye simulizi lote la mzee wa majahazi, kabla halijaguswa na mkasi wowote. Ahadi ilihusu kipindi. Kadi hakuitaja yeye wala hatukuitaja sisi. Mzee amekwisha kufariki. Binti yake, aliyesikia kuwa tunahamisha kazi za zamani, alikuja akasema, “Walimu wangu, naomba sauti ya baba, yote, hata mahali anapokohoa.” Tumempa kipindi. Kadi imo katika bahasha kabatini, wawili wakisema ivunjwe na wawili wakisema isubiri, na safari hii si wawili wale wale.